Mahali pa Destin

Mama Evodie alikuwa kwenye mstari wa choo, birika la maji mkononi, kitenge kimefungwa ovyo kifuani. Choo kilikuwa chake. Parseli nzima, kiwanja na vyumba vyake, ilikuwa yake na ya mumewe. Ndipo mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kumwona alipomgusa begani, akamwambia kwa adabu zote:

"Mama, mustari unaanzia kule nyuma."

Evodie akageuka. Mwanamke alikuwa bado kijana, mswaki mdomoni.

"Kule nyuma wapi?"

"Kule, karibu na jiko. Sisi njo tulifika mbele."

Jiko lenyewe lilikuwa la Evodie. Alikuwa akisonga bukari, ugali wao, pale tangu siku alizombeba mwanawe Destin mgongoni.

"Na weye uko nani?"

"Niko muke wa mudogo wake Salomon. Tulifika jana na mashua ya kutoka Baraka."

"Salomon alikuambia hii parseli ni ya nani?"

"Alisema ni ya muzee mumoja wa port."

Mstari mzima ulikuwa unasikiliza. Evodie alikuwa na maneno mengi tayari, ila tumbo lake halikuwa na subira ya kuyasema yote. Alichofanya, na kilichomkera siku nzima, ni kwamba alikwenda nyuma. Alisimama karibu na jiko lake, nyuma ya mtoto aliyejikamata suruali, akawahesabu kwa macho watu waliokuwa mbele yake, akaona kwamba nusu yao hakuwajua majina.

Zamu ilikuwa ya Salomon. Salomon alikuwa mpangaji wao, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwenyeji wa Baraka, mtu wa mabega mapana kama mlango, na siku zote alirudi kutoka ziwani na usingizi wa kuangusha ukuta. Aliingia, akavuta kile kipande cha bati kilichokuwa mlango. Kikasikika kitu kizito kinachovunjika polepole, kisha ukelele, kisha ukimya. Watoto ndio walioelewa kwanza, wakaanza kucheka.

Wanaume wawili walimvuta. Mguu mmoja ulikuwa umezama hadi pajani, na kandambili moja ilibaki huko chini. Sakafu ya zege ilikuwa imepasuka katikati, upande mmoja umeinama kama mtumbwi unaoingiza maji.

"Mama Destin," alisema Salomon, akichechemea kuelekea bombani, "choo yako iko karibu kuniua."

"Choo yangu?" Evodie alipaza sauti. "Choo yangu ilichimbwa kwa bantu sita! Yangu mimi ilikuwa nzima!"

*

Germain, mumewe, alikuwa ameketi mbele ya nyumba akinyoa ndevu, akijitazama kwenye kipande cha kioo. Kwa miaka mingi alikuwa ameendesha mashine ya kupakua mizigo bandarini, mpaka mashine ilipokufa, naye akaambiwa apumzike nyumbani, malipo yake ya mwisho yatakuja. Tangu hapo kila alipokwenda biro, ofisi ya bandari, kuuliza, aliambiwa arudi wiki ijayo. Katika kungoja huko ndipo alipoanza kupangisha vyumba.

"Papa Destin, choo imeanguka."

"Nilisikia."

"Ulisikia na unanyoa?"

"Ningefanya je? Nikuje na povu kwenye uso?"

Evodie aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Sasa niambie. Bantu ngapi bako mu hii parseli?"

Germain akakunja shingo, akapitisha wembe chini ya kidevu. "Si Salomon na bantu yake. Na Mama Viviane wa Uvira na batoto."

"Na wale banalala kwenye barza?"

"Wale ni babili tu."

"Babili na batoto bane! Kila mara unaniambia ni babili tu. Leo bibi moja amenifukuza kwenye mustari. Mimi! Ameniambia niende nyuma!"

Germain alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mkewe, akarudi kwenye wembe wake.

Si kwamba Evodie hakujua dunia inakwenda vipi. Zamani kwenye avenyu yao, mtaa wa nyuma tu ya reli inayoingia bandarini Kalemie, kila mlango ulikuwa wa mtu wa treni au mtu wa port, na saa ya kazi ilijulikana kwa kishindo cha viatu. Wengine walizeeka wakafa, wengine waliwafuata watoto Lubumbashi, wengine walivuka ziwa kwenda Kigoma na hawakurudi. Halafu ziwa lilipanda. Lilizimeza avenyu mbili za chini, liliingia kwenye nyumba za watu kama mpangaji asiyelipa, na waliokuwa huko walipanda juu na magodoro yao vichwani. Kisha vita vya kaskazini vikaanza kumimina watu. Kila mashua iliyotoka Uvira au Baraka ilikuwa na familia zimekaa juu ya masufuria yao, na bandari ilikuwa mlangoni pa Evodie. Walishuka, wakapandisha njia, wakapiga hodi mlango wa kwanza. Siku hizi Evodie alipokwenda kununua chumvi alisikia Kibembe na Kifuliiru zaidi kuliko lugha aliyozaliwa nayo.

Yote hayo aliyajua. Lakini kujua hakukumsaidia kusimama kwenye mstari.

"Tuchimbe ingine," alisema.

"Wapi?"

Wote wawili walikuwa wanajua. Upande wa chini wa parseli haukufaa: tangu ziwa lipande, ukichimba kidogo tu maji yanakusalimia. Mbele kulikuwa na njia. Sehemu ya juu, penye udongo mkavu, palibaki mahali pamoja tu, na mahali hapo Germain alikuwa amepapa mgongo akinyoa.

"Pale hapana," alisema. "Pale ni pa Destin."

*

Mchana Evodie alilazimika kwenda kwa jirani. Nyumba ile ilikuwa ya rafiki yake Henriette: waliolewa mwaka mmoja, walizaa pamoja, walitumiana chumvi na moto kupitia tundu la ukuta. Henriette aliuza, akaenda kwa binti yake Lubumbashi. Evodie aliingia bila kupiga hodi, kwa mazoea ya miguu.

Kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza pikipiki uani aliinuka. "Mama, unatafuta nani?"

"Nataka kupita huku nyuma kidogo. Ya kwetu imeharibika. Niko hapa tu, kwa jirani."

"Jirani gani?"

"Huyu!" Evodie alionyesha ukuta. "Naishi hapa tangu weye hauyazaliwa!"

Kijana hakuwa mkali. Alijifuta grisi mikononi. "Sikatai, Mama. Lakini bailleur, mwenye nyumba, alituambia bantu ya inje balipe. Franga mia mbili. Sababu munakuja mingi sana."

Evodie alifungua fundo la kitenge chake. Mia mbili hazikuwa kitu, hata nyanya nne hazinunui. Lakini baada ya kumpa kijana ile noti iliyochakaa, kule nyuma, nyumbani kwa Henriette, alikaa muda mrefu kuliko alivyohitaji kwa sababu hakutaka kutoka akiwa na machozi.

*

Gauthier, shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wao, alikuja na kitambulisho chake kimening'inia shingoni. Aliketi, akapewa chai, akanywa yote, akaomba sukari baada ya kumaliza.

"Mama Destin, kolera, ile kipindupindu, imeingia avenyu. Bagonjwa babili balipelekwa leo. Bantu ya hygiène, bale ba afya, banapita kesho kutwa. Parseli bila choo, banafunga. Balokateri, bapangaji benu, bote inje."

"Na ni nani alinileteaka balokateri?" aliuliza Evodie. "Si ni weye? Wale wa barza, uliwaleta kwa mukono yako. Ulisema, Mama Destin, ona huruma, mashua imewatupa hapa."

"Huruma ni huruma, na choo ni choo," Gauthier alijibu bila aibu. "Bashi, zile turubai, tulipewa, choo hatukupewa. Chimba pale juu, kwenye ile fondasio. Ni mahali pazuri. Nyasi tupu."

Nyasi hazikuwepo. Germain alipalilia pale kila Jumamosi. Msingi wenyewe waliujenga yeye na Destin, baba na mwana, mwaka Destin alipooa: vyumba viwili na sebule, mawe yaliyopangwa sawasawa, na pembeni rundo la matofali ya kuchoma yakisubiri kuta. Kisha Destin akaenda Kolwezi, kwenye kazi ya mgodi, "ya muda kidogo tu". Matofali yaliota ukungu wa kijani. Wapangaji walikatazwa kuanika nguo pale, watoto walikatazwa kuruka pale. Watu walilala wamebanana barazani chini ya turubai, na hatua chache kutoka vichwani mwao kulikuwa na nyumba nzima ya hewa tupu, imepimwa, ina mwenyewe.

"Muzee amekataa," alisema Evodie.

"Muzee atakataa mpaka mupate kilio hapa," alisema Gauthier, akainuka.

Hakuwa amefika njiani Viviane alipotoka chumbani. Viviane alikuwa mama wa Uvira, mtu wa heshima zake, ambaye aliuza mandazi mbele ya lango la bandari na hakuwahi kuchelewesha kodi hata wiki moja. Mumewe alibaki nyuma kulinda nyumba yao na simu yake haikupita tena. Mikononi alimshika binti yake mdogo, Arlette, na miguu ya mtoto ilikuwa ikining'inia vibaya.

"Mama Destin, mutoto anatoka maji tu. Tangu asubuhi. Maji kama ya muchele."

Evodie aliyatazama macho ya mtoto, yalivyokuwa yamezama, akapiga ukelele wa kumwita mwenye pikipiki wa kwa jirani. Ni yule yule wa mia mbili. Alikuja mbio na mikono yake ya grisi, hakuuliza bei. Viviane alipanda nyuma na mtoto katikati. Kabla pikipiki haijaondoka alimgeukia Evodie, na ile sauti yake ya siku zote, sauti ya mgeni anayeomba radhi kwa kuwepo, haikuwepo tena.

"Mimi niliacha nyumba Uvira, Mama. Nyumba ya vyumba sita, choo ndani, na maji ya bomba. Musifikiri nilikuja hapa juu ya kupenda shimo yenu. Mutoto wangu akifa, atakufa kwa sababu ya mahali pa muntu ambaye hayuko."

Pikipiki ikaondoka.

*

Evodie alimpigia Destin akiwa amesimama ndani ya ule msingi wenyewe, mahali ambapo, kama nyumba ingejengwa, pangekuwa sebuleni.

"Mama, niko kazini. Sema mbio."

"Choo yetu imeanguka. Kolera iko hapa. Mutoto mumoja ya parseli amepelekwa kituo ya afya. Tunataka kuchimba kwenye fondasio yako."

"Unaniita juu ya choo?"

"Nakuita juu ya ruhusa."

"Hapana, Mama. Musiguse pale. Saison sèche hii, kiangazi hiki, nakuja kujenga. Papa anajua."

"Hata mwaka jana ulisema hivyo."

"Mwaka jana kazi ilikuwa mubaya. Mama, ile ni mahali pangu. Papa alinipatia. Na hao bantu ni ya kupita tu, vita ikiisha batarudi kwao, na sisi tutabaki na choo mu salon? Fukuzeni bamoja, mutapumua."

Huko kwake alisikia redio, na sauti ya mtoto ikiuliza kwa Kifaransa ni nani huyo anapiga. Destin akajibu, kwa Kifaransa vilevile, kwamba ni yule bibi wa Kalemie. Yule wa Kalemie, kana kwamba wako wengi na inabidi kuchagua.

"Mama, nitakupigia."

Evodie aliirudisha simu ndani ya kitenge. Alikuwa amechoka na mumewe, amechoka na Gauthier na chai yake, amechoka na mwanamke wa mswaki, na sasa alikuwa amechoka na mwanawe pia, na hilo la mwisho lilimtisha kidogo kwa sababu hakuwahi kuliona kabla. Alitazama chini. Mawe ya msingi yalikuwa mazuri kweli. Germain alikuwa fundi.

Germain siku hiyo alikuwa amekwenda biro ya bandari, kuambiwa wiki ijayo. Evodie aliingia nyumbani, akatoka na sururu. Hakumwita mtu. Alifunga kitenge vizuri, akachagua pembe ya nyuma, mbali na bomba, akapiga. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na miaka, sururu iliruka ikarudi. Akapiga tena.

Salomon aliamshwa na mlio. Alikuja na mguu wake uliofungwa kitambaa, akasimama.

"Mama Destin, Papa amekubali?"

"Hapana."

Salomon alijikuna shingo. Alikuwa akimheshimu Germain na alikuwa na sababu ya kumwogopa: chumba chake kilikuwa cha Germain. Alimtazama yule mama akipiga, anahema, leso imemteleza kichwani.

"Lete," alisema mwishowe. "Weye unachimba kama muntu anapiga nyoka."

Wavuvi wenzake walikuja na ndoo. Wale wa barzani walikuja na koleo. Mwanamke wa mswaki, aliyeitwa Fanny, alikuja bila kusema neno akaanza kubeba udongo kichwani, na Evodie, ambaye bado alikuwa amemkasirikia, alimsogezea njia. Jioni shimo lilikuwa limemmeza Salomon hadi shingoni. Matofali ya ukungu wa kijani walianza kuyateremsha moja moja, kuzungushia kuta za shimo.

*

Germain aliporudi alisimama langoni na kofia mkononi. Watu wote waliacha kazi. Ndani ya shimo Salomon alijifanya mfupi.

Mzee alitembea polepole mpaka kwenye msingi. Hakumtazama mtu. Alitazama lile shimo, na matofali yaliyopungua, na udongo mwekundu uliomwagwa juu ya mawe aliyoyapanga yeye na mwanawe.

"Umemuzika mutoto wangu," alimwambia mkewe.

"Mutoto yako iko Kolwezi na anakula vizuri," Evodie alijibu. "Ule wa Viviane njo tulikuwa karibu kumuzika."

"Mbele ya bantu, Evodie. Umechimba choo mu nyumba ya mutoto, mbele ya bantu bote."

Alimwita kwa jina, kitu ambacho hakukifanya tangu walipozaa, na Evodie alihisi kama amevuliwa nguo. "Na mimi waliniweka nyuma ya mustari mbele ya bantu bote! Hilo hukuona! Nililipa kunya kwa Henriette! Hilo pia hukuona! Weye unaona muntu moja tu, na ule muntu hayuko!"

Germain alivaa kofia yake. Aliingia ndani, akatoka na mfuko mdogo, akateremka kwenye mashua zinazokwenda kusini. Dada yake alikuwa Mpala, kijijini kwao. Hakuaga.

Walimaliza choo bila yeye. Salomon alitafuta mbao, Gauthier alipata sakafu ya zege kutoka mahali ambapo hakupenda kupataja, na watu wa hygiène walikuja, wakamwaga dawa yao ya kunuka kila pembe, wakachungulia, wakaenda zao. Arlette alirudi kutoka kituoni juu ya pikipiki ile ile, mwepesi kama kuku wa ugonjwa, akiomba mandazi. Viviane alimletea Evodie sahani, akapiga magoti kidogo kumpa, akajaribu kuomba msamaha kwa yale aliyosema.

"Acha," alisema Evodie. "Ulisema kweli, na ilinikasirisha, na imeisha."

Lakini haikuwa imeisha. Kila mashua iliyotoka kusini Evodie alisimama juu ya mawe ya reli kuitazama, akiwa na mikono kiunoni, tayari kugombana. Mume hakuwemo. Alirudi jikoni akipiga masufuria. Aliwafokea watoto wa barzani kwa kucheka, akawafokea kwa kunyamaza. Usiku alilala katikati ya kitanda na hakupenda nafasi aliyoipata.

*

Germain alirudi siku ya soko, akiwa na kikapu cha mihogo na mikebuka, samaki wa ziwani, wa kukaushwa. Alikuwa amekonda. Alimpa mkewe kikapu, akaketi mahali pake pa kunyolea.

"Mpala bako je?"

"Bako. Kule pia kumejaa. Dada yangu amepokea bantu ya Fizi, banalala mpaka jikoni. Nililala kwenye nyavu." Alivua viatu. "Nilikuwa nawaza namna ya kumuambia Destin. Kila siku nilipanga maneno, kila siku nilitupa. Sasa leta simu. Nitamuambia mimi mwenyewe, na weye usikie."

"Nilimuambia. Alikataa."

"Weye ulimuomba. Mimi nitamuambia."

Aliweka simu juu ya goti, sauti ikiwa wazi. Evodie alikaa juu ya ndoo. Viviane, aliyekuwa akipepea makaa karibu nao, alitaka kuondoka, Evodie akamwonyesha kwa mkono abaki.

"Destin."

"Papa! Uko muzima?"

"Niko muzima. Sikia. Usikuje kujenga. Mama yako alichimba choo mu fondasio yako, na mimi sikukataza vya kutosha. Bantu bamejaa hapa, batoto banagonjwa. Mahali pako hapako tena. Kama unataka kukasirika, unikasirikie mimi."

Alisema yote kwa pumzi moja, mkono umeshika goti kwa nguvu. Evodie alijikaza, akingojea sauti ya mwanawe ipande.

"Haya, Papa," alisema Destin.

"Haya?"

"Haya, sawa. Hamuna shida. Hata mimi, kusema kweli, nilinunua kiwanja huku. Nilianza hata kujenga. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia, sikupenda uumie. Donc ni vizuri. Mulifanya vizuri." Alikuwa anaongea haraka, kwa furaha, kama mtu aliyetua mzigo kichwani na anajinyoosha shingo. "Salimia Mama. Nitawapigia dimanche hii, Jumapili."

Simu ikakatika.

Germain aliendelea kuitazama. Bandarini winchi moja ililia, ikanyamaza.

"Hakukasirika," alisema.

"Hapana."

"Hata hakuuliza matofali yalienda wapi."

Evodie alikuwa na mambo mengi ya kusema. Angeweza kumkumbusha Jumamosi zote za kupalilia, na watu waliolala barzani mvua ikiwapiga, na noti yake ya mia mbili. Alikuwa ameyapanga kwa siku zote zile za kusimama juu ya reli. Lakini alijikuta amemkasirikia mtu mwingine kabisa. Alikuwa akingoja Destin apige kelele, aseme mumeharibu, aseme nakuja kesho na basi la kwanza. Mtu anayegombania mahali pake, basi bado ni pake. Huyu alikuwa ametoa kwa urahisi kuliko yule kijana wa pikipiki alivyotoa choo cha Henriette.

"Mujinga," alisema kwa sauti ya chini, na mumewe hakuuliza ni nani.

Viviane aliacha kupepea. Alikuwa mtu wa kujua wakati, lakini pia alikuwa mtu aliyepikia mvuani tangu afike, na aliona kwamba wakati mzuri zaidi ya huu huenda usije.

"Papa Destin," alisema, "samahani. Yale matofali yalibakia. Kama hayana kazi, Salomon alisema anaweza kunipandishia kajiko kadogo. Pale juu ya mawe. Nitaongeza kwa kodi."

Germain akatazama msingi, sehemu iliyobaki, vyumba viwili na nusu ya sebule, na kuku wa mtu wakitembea ndani yake.

"Chukua," alisema. "Usiongeze kitu. Lakini usiniite tena Papa Destin. Niko na jina. Naitwa Germain."

Viviane aliinamia makaa yake. Evodie aliinuka kutoka kwenye ndoo, akachukua kikapu cha mihogo kiunoni kwa hasira.

"Papa Destin njo jina yake," alimwambia Viviane. "Na mimi niko Mama Destin. Usimusikilize. Na hayo matofali ita Salomon ayabebe sasa hivi, kabla huyu muzee hajajuta."